Mzee Alinong'ona Nini Kabla ya Chai?

Leo asubuhi ulipofungua macho, neno la kwanza kutoka mdomoni mwako lilikuwa gani? Sema ukweli. Langu kwa muda mrefu halikuwa neno, lilikuwa kidole gumba: simu, data, nani ameniandikia, nani amenipuuza. Nilikuwa naweza kufika saa tano bila kumtaja Mungu, na nikimtaja basi ujue stima imepotea.

Sasa keti nikupigie stori ya mzee mmoja Myahudi ambaye sijawahi kumwona, na jinsi alivyonirudisha kwa ayeyo wangu kule Kutulo. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali. Naye huniita ayeyo vilevile, ndivyo tunavyoitana, usishangae.

Kutulo kama huijui si kosa lako. Ukitoka Wajir kuelekea Elwak na Mandera utaipita. Ramani zingine zinaandika Kotulo, na ukiuliza kama iko Kaunti ya Wajir au ya Mandera utakuwa umeanzisha kesi ambayo wazee hawajaimaliza hadi leo. Mimi nilitoka huko nikaja Nairobi kusoma chuo, nikasoma mwaka mmoja na nusu, halafu mvua zikakataa. Misimu mitano mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Karo yangu ilikuwa inatembea kwa miguu minne, na ngamia walipoanza kulala bila kuinuka, chuo nacho kikalala. Nikabaki Eastleigh, chumba kimoja na vijana watatu, natafuta kazi za mtandaoni.

Kazi niliyopata ni ya kusikiliza sauti na kuiandika. Unatumiwa mahojiano, unavaa spika za masikio, unaandika kila neno. Ukikosa kuelewa unaweka mabano, ndani unaandika "haisikiki". Wanakulipa kwa dakika, na hela zenyewe ni za kununua unga tu.

Siku moja nikatumiwa mahojiano marefu, karibu saa sita kwa jumla, ya mwanafunzi wa ng'ambo na mzee Myahudi aliyezaliwa Nairobi. Majina yalikuwa yameondolewa. Mzee anaongea Kiingereza, lakini akikasirika anaingia Kiswahili cha zamani, kile cha "toto" na "upesi". Anasimulia babake, duka, shule, Uhuru. Sauti safi kabisa. Ila kuna kitu kilinisumbua. Kila akiletewa chai, kabla kikombe kigonge meno, ananong'ona kitu. Sekunde tatu hivi. Naandika: haisikiki. Analetewa biskuti, ananong'ona tena, na safari hii maneno ya mwisho ni tofauti. Haisikiki. Ndizi. Haisikiki. Halafu kukapiga radi, unajua zile radi za Aprili za Nairobi, kikombe kikalia kwenye sahani, na mzee akanong'ona. Nikasema huyu mzee ana matatizo, ama ni mimi.

Katika sauti ya tatu simu ikalia. Mzee akapokea, akasikiliza, akanyamaza. Kisha akanong'ona. Mwanafunzi akauliza, kuna nini? Mzee akajibu kwamba rafiki yake wa shule amefariki.

Hapo ndipo niliposimamisha sauti. Kwa sababu mimi pia, peke yangu, na spika masikioni, nilikuwa tayari nimesema: Inna lillahi. Mdomo ulisema wenyewe. Nikaelewa kwamba mzee hakuwa ananong'ona ovyo. Alikuwa anafanya kile ambacho ayeyo anafanya kutwa nzima.

Basi nikaanza kufuatilia, usiku, kwa data ya kuazima. Neno lao ni bracha. Lisome tena polepole. Baraka. Ni dua fupi ya sentensi moja, na zote zinafungua kwa njia moja, kwa kumsifu Mungu kuwa ndiye Mfalme wa ulimwengu, kisha unamalizia kwa kile kilichoko mbele yako. Mkate una yake. Divai ina yake. Tunda la mti lina yake, na kinachotoka ardhini kina yake. Hapa kuna kitu kitakuchekesha: ndizi kwao si tunda la mti, iko upande mmoja na viazi, kwa sababu mgomba hauna shina la mbao linalobaki mwaka hadi mwaka. Yaani kuna watu waliketi wakajadili ndizi kwa makini kiasi hicho. Chai, maji, nyama na kila kisichokuwa na dua yake maalum kinapata ile ya jumla, ya kwamba vyote vimekuwa kwa neno lake.

Kuna dua ya umeme wa radi na dua ya ngurumo. Kuna ya upinde wa mvua, ya kuvaa nguo mpya, ya kuonja tunda kwa mara ya kwanza msimu huo. Ile ya habari za msiba inamwita Mungu hakimu wa kweli. Desturi yao, iliyoandikwa katika Talmudi, inamtaka mtu afikishe mia moja kwa siku. Mia! Ukipiga hesabu si ngumu kama inavyosikika: sala kuu ya siku za kawaida ina baraka 19, na inasaliwa mara tatu, hizo tayari ni 57. Zilizobaki unaziokota mezani, kitandani na njiani.

Na chooni. Usicheke. Ukitoka haja na kunawa mikono, kuna dua inayomshukuru Mungu kwa kuumba mwili wenye mianya na mirija, na inakiri kwamba mmoja ukiziba usipopaswa, au ukifunguka usipopaswa, huwezi kusimama hata saa moja. Nikiwa mtoto Kutulo nilichapwa kwa kusahau dua ya choo: mguu wa kushoto unaingia, unaomba kinga, mguu wa kulia unatoka, unaomba msamaha na kushukuru kwa kuondolewa udhia. Nilidhani ni sisi tu duniani tunaomzungumzia Mungu choo.

Ngoja kidogo. Najua kuna mtu ameanza kukunja uso: kijana wa Kutulo, Muislamu, unaniandikia mambo ya Wayahudi wakati Gaza iko vile iko? Hasira hiyo naijua, hata chumba chetu cha Eastleigh kinayo, na mimi si wa kukwambia uizime. Lakini mzee na chai yake si serikali ya mtu. Alikuwa anamshukuru Mungu kwa biskuti. Nikishindwa kutofautisha hayo mawili, basi sina haki ya kulalamika mtu akishindwa kunitofautisha mimi na wale watu wa msituni. Na hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo.

Wewe wa Nairobi umepita nyumba yao ya ibada mara ngapi? Pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, nyuma ya ukuta na miti. Sinagogi la kwanza lilifunguliwa hapo mwaka wa 1913, hili la sasa likajengwa miaka ya hamsini. Nilikuwa napita hapo kila siku nikienda chuo na sikuwahi kuuliza. Na walikuwa karibu wawe wengi kuliko unavyofikiria. Mwaka wa 1903 Waingereza waliwapa Wayahudi waliokuwa wakiuawa Ulaya Mashariki ofa ya ardhi ya Uasin Gishu. Ofa yenyewe iliitwa mpango wa Uganda ingawa ardhi ilikuwa tayari imehamishiwa upande huu. Wakatuma watu waje waione, na mwaka wa 1905 mkutano wao ukakataa. Hebu fikiria Eldoret. Wachache waliokuja kivyao walibaki. Abraham Block alifika 1903 bila kitu, na mwaka wa 1927 alikuwa amenunua hoteli ya Norfolk. Israel Somen akawa meya wa Nairobi miaka ya hamsini.

Leo ni wachache sana, na ukipita pale utakutana na lango na walinzi. Sababu zipo. Mkesha wa mwaka mpya wa 1980 bomu lililipuka Norfolk, hoteli ya familia ya Block. Novemba 2002 ikawa Kikambala. Kwenye sauti ya nne mwanafunzi anamuuliza mzee kama huvaa kile kikofia chao akitembea mjini. Mzee anasema anakivaa, ila juu yake anavaa kofia ya kawaida. Kofia juu ya kofia. Niliirudia sehemu hiyo mara mbili, na haikuwa kwa sababu ya kazi.

Mimi pia nilikuwa na kofia juu ya kofia. Kuna jioni nilikuwa kwenye matatu kutoka taoni kuja Eastleigh. Dereva akakata kona vibaya, gari likayumba, na mimi nikasema kwa sauti, "Bismillahi!" Hivyo tu, kama vile wewe ungesema "Yesu!" Mama aliyekaa kando yangu akaniangalia usoni, akaangalia ndevu zangu, akaangalia begi langu. Alishuka kituo kilichofuata, na kwa jinsi alivyosimama akishangaa nilijua hakikuwa chake. Sikumlaumu. Nilijua amekumbuka nini. Lakini kuanzia siku hiyo dua zangu zilianza kuingia ndani, kutoka sauti hadi mnong'ono, kutoka mnong'ono hadi moyoni, na kutoka moyoni sijui zilienda wapi.

Wacha nikurudishe nyuma uelewe uzito wake. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa, na waliosalimika walisimulia kwamba abiria waliambiwa wasome Kurani. Walioshindwa walitengwa. Waliuawa watu 28. Aprili iliyofuata ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Elewa hili vizuri: maneno yale yale ambayo ayeyo alinifundisha niseme ili nilindwe, mtu mwingine aliyageuza kuwa mtihani wa nani aishi. Nilikuwa kijana mdogo. Sikujua kwamba maneno yanaweza kuibwa.

Halafu ikaja Desemba 21, 2015, na hii ilikuwa kwetu kabisa. Basi la kwenda Mandera, abiria zaidi ya 60, limeshapita Kutulo likielekea Elwak. Likapigwa risasi, likasimamishwa. Washambuliaji wakataka yale yale: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii watu wakakataa. Wanawake walishavua shungi na mitandio wakawafunika wenzao Wakristo. Abiria wakawaambia washambuliaji ama watuue sote ama watuache sote. Mwalimu Salah Farah alikuwa ndani, akapigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Serikali ilimpa nishani akiwa ameshazikwa, na filamu ya Watu Wote iliyotokana na tukio hilo ilifika hadi kwenye uteuzi wa Oscar wa 2018. Labda umeiona. Sisi tuliisikia usiku ule ule kwa wazee waliokusanyika dukani, na nakumbuka ayeyo aliuliza swali moja tu: wale wanawake waliobaki bila shungi, walipata za kuvaa?

Sasa rudi na mimi kwa mzee. Sauti ya tano anaelezea safari. Anasema babake akisafiri kwenda Kisumu kununua mali alikuwa hafungui gazeti mpaka nyumba za mji ziishe, kisha anasoma dua ya njiani. Nikaenda kuitafuta. Ni dua ya kumuomba Mungu akuongoze kwa amani, akufikishe kwa amani, akuokoe na adui na mtu aliyejificha njiani akikuvizia. Anayevizia njiani! Mtu aliyeitunga ni kama alishapita Dabacity. Lakini kilichonikamata ni hiki: Talmudi inasema usiiseme kwa nafsi yako peke yako. Useme "tu", usiseme "ni". Tuongoze, tufikishe, tuokoe. Hata kama umesafiri peke yako unajihesabu na wengine.

Nikaijaribu yetu kichwani, ile inayosomwa kila basi likitoka Eastleigh, ya kumtakasa aliyetutiishia chombo hiki na kwamba kwa Mola wetu tutarejea. Nimeisema tangu nikiwa na miaka minne. Sikuwahi kugundua kwamba nayo yote iko kwa "tu".

Kuna nyingine ya baada ya safari. Watu wanne wanatakiwa kusimama mbele ya wenzao wasiopungua kumi na kushukuru hadharani: aliyevuka bahari, aliyepona ugonjwa, aliyetoka kifungoni, na aliyevuka jangwa. Aliyevuka jangwa. Basi kila abiria wa Nairobi–Mandera, kilomita kama elfu moja, vumbi hadi kwenye meno, anastahili kusimama akasema.

Labda unasema sawa, lakini hao ni wazungu na vitabu vyao. Hapana bwana. Vuka Malaba ufike Mbale. Kule kuna Abayudaya, Waganda weusi kama wewe na mimi, Wayahudi kwa zaidi ya miaka mia. Kiongozi wao Semei Kakungulu alikuwa jemadari aliyewafanyia Waingereza kazi kubwa, akakosana nao. Alisoma Biblia akafika kwenye tohara, na alipoambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi, akaamua basi na awe Myahudi. Mwaka wa 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, waliobaki waliomba kwa siri, na wengi waliondoka kabisa. Inasemekana walibaki kama 300. Hebu waza mnong'ono wa mkate ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, ukihofia jirani. Nabugoye leo wana sinagogi kubwa lililofunguliwa 2016, na rabi wao Gershom Sizomu alisomea urabi Marekani akapewa daraja hilo mwaka wa 2008. Pia mwaka wa 2004 mmoja wao, J.J. Keki, ambaye alikuwa New York siku ya Septemba 11, alianzisha ushirika wa kahawa wa Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Unaitwa Mirembe Kawomera, amani tamu. Kahawa nzuri tu ya Mlima Elgon.

Nitakwambia pia kile nisingeweza. Sabato. Ijumaa mishumaa inawashwa dakika 18 kabla jua lizame, na kuanzia hapo hadi Jumamosi nyota zitoke, kama saa 25, hakuna kuwasha moto, kuandika, kununua wala kushika simu. Kazi za aina 39 zimekatazwa, na mambo ya umeme yamewekwa humo. Saa 25 bila simu, wewe? Mimi dakika 25 mikono inaanza kuwasha.

Na chakula. Nyama na maziwa havikutani, na wengi wakishakula nyama wanasubiri saa sita kabla ya maziwa. Kuchinja kwao kunafanana na kwetu: kisu kikali, shingo, damu itoke yote, jina la Mungu litajwe. Ndiyo maana Waislamu wengi walioishi ughaibuni mahali pasipo na halali wamekula nyama ya bucha la Kiyahudi. Lakini kuna mnyama mmoja tunaachana hapo. Ngamia. Torati inamtaka mnyama acheue na awe na kwato zilizopasuka sawasawa. Ngamia anacheua, ila mguu wake haukidhi. Basi haliwi. Wala maziwa yake hayanywewi, kwa sababu maziwa ya mnyama aliyeharamishwa ni haramu pia. Niliposoma hayo nilimhurumia mzee wangu kwa dhati. Angekuja Kutulo angekula nini? Nyirinyiri, hapana. Maziwa, hapana. Angebaki na chai ya rangi, na dua yake ya jumla.

Mwaka jana nilipata nauli nikaenda nyumbani. Basi liliondoka Eastleigh jioni. Kando yangu alikaa fundi wa mawe kutoka Machakos, anaenda Elwak kwenye kazi ya ujenzi, mara yake ya kwanza kupita Garissa. Mkononi ameshika rozari ndani ya mfuko wa koti, nilijua kwa jinsi vidole vilivyokuwa vikitembea. Kofia juu ya kofia. Kondakta akatulia, dua ikasomwa, nikaitikia, kwa sauti ya kawaida tu. Fundi akageuka.

"Umesema nini, ndugu?"

Nikamwambia: tumemtakasa aliyetupa gari hili, na tumesema tutarudi kwake. Akauliza, "Mmesema tutarudi, ama mtarudi?" Nikamwambia tutarudi. Akafikiria kidogo, akasema, "Amina," akatoa mkono mfukoni na rozari ikatoka nayo. Baada ya Mwingi alilala begani kwangu hadi daraja la Tana.

Kutulo nilishuka mimi, yeye akabaki ndani. Kipande kilichokuwa mbele yake ndicho kile cha 2015. Alikuwa anajua, alishaniuliza usiku. Dirishani akaniambia, "Isome tena ile yako." Nikaisoma nimesimama kwenye vumbi na begi kichwani. Tulikuwa tumeshapeana namba.

Ayeyo alikuwa nje ya aqal, birika la plastiki mkononi, maji kidogo kama ya kikombe kimoja. Lori la maji lilikuwa halijaja siku tatu. Nikamsimulia yote, mzee, chai, radi. Nikamwambia kwamba nao kwao mtu akikosa maji ya kunawa kabla ya sala anaweza kujisafisha mikono kwa mchanga au jiwe. Akaangalia mchanga uliotuzunguka akasema hao watu basi waliwahi kukaa mahali kama hapa. Nikamwambia dua ya choo, ile ya mianya na mirija. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Ayeyo amesumbuliwa na figo tangu ukame. Akaniambia niirudie, nikairudia, akasema, "Ayeyo, ukifika umri wangu hutaona hiyo ni dua ndogo."

Halafu nikamwambia hawanywi maziwa ya ngamia.

"Hata mgonjwa?"

"Ayeyo, kuokoa maisha kwao kunatangulia karibu kila katazo. Lakini mzima, hapana."

"Miskini," akasema, na akaanza kumimina. Zile ngamia mbili zilizobaki zilikuwa zimezaa baada ya mafuriko ya 2023. Nikashika kikombe, na kabla hakijafika mdomoni nikasema Bismillahi, kwa sauti, sekunde moja hivi. Simu ikatetemeka mfukoni. Tumefika Elwak salama, kazi inaanza kesho.

"Nani?"

"Fundi mmoja wa Machakos."

"Alhamdulillahi," akasema ayeyo, na akaniongezea maziwa.